Seli Shina na Neva Zilizokatika: Tumaini Lisilofafanuliwa

Mnamo mwezi wa Februari mwaka 2005, shirika la posta la Korea Kusini lilitoa stempu ya kipekee. Upande wake mmoja ulikuwa na picha ya yai la binadamu likichomwa kwa sindano nyembamba mno. Upande wa pili palikuwa na vivuli vya mtu mmoja katika hatua mbalimbali: ameketi katika kiti cha magurudumu, anainuka, anaruka kwa furaha, kisha anamkumbatia mwenzake. Stempu hiyo haikuhitaji maelezo. Hata asiyejua kusoma aling'amua kwamba waliopooza wamekaribia kusimama. Iliyokuwa ikisherehekewa ni kazi ya Hwang Woo-suk, profesa wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul, ambaye mwaka 2004 alidai katika jarida la Science kwamba amefaulu kupata seli shina kutokana na kiinitete cha binadamu kilichonakiliwa maabarani, dai alilolirudia kwa kishindo zaidi miezi michache baada ya stempu kutolewa. Kabla ya mwaka kutimia tangu dai hilo la pili, kamati ya chuo chake mwenyewe ilibaini kwamba data hizo zilikuwa za kughushi. Januari 2006 makala yake yote mawili yalifutwa, na uuzaji wa stempu ukasimamishwa.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba sayansi ya seli shina ni ulaghai mtupu. Hao wamekosea, kama itakavyobainika. Lililo muhimu ni kwamba kilichofutwa ni makala mawili, picha haikufutwa. Mtu anayeinuka kutoka kitini angali anainuka hadi leo katika matangazo ya zahanati za nchi nyingi, na matangazo hayo humfikia Mkenya katika simu yake ya mkononi akiwa amelala chali, asiyeweza kuugeuza mwili wake bila msaada. Humfikia kijana wa bodaboda aliyegongwa barabarani, mgema aliyeanguka kutoka mnazini, na mjenzi aliyeporomoka na jukwaa la ujenzi. Jamaa zake huanzisha kundi la WhatsApp, harambee ikaitishwa, shamba likapimwa tayari kuuzwa. Fedha zinazotafutwa ni mamilioni ya shilingi. Ajabu ni kwamba katika shughuli hiyo yote, yamkini hakuna aliyewahi kumweleza mgonjwa, kwa lugha aliyolelewa nayo, ni kitu gani hasa kitakachotiwa ndani ya mwili wake. Pengo hilo ni la sayansi kwa kiasi fulani. Kwa kiasi kikubwa zaidi ni pengo la lugha, na ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa madaktari peke yao.

Msingi wa jambo lenyewe uko katika tofauti moja ambayo Kiswahili cha kila siku huificha. Mgonjwa anapoambiwa kwamba "uti wa mgongo umevunjika", husikia habari za mfupa. Uti wa mgongo, katika masikio ya wengi, ni zile pingili zilizopangana kutoka shingoni hadi kiunoni, na mfupa uliovunjika huunga. Babu aliunga mguu kwa vipande vya ubao, shangazi alitiwa plasta akapona. Kumbe ndani ya pingili hizo umepita ugwe mlaini, mnene kiasi cha kidole chembamba, unaobeba amri kutoka kwenye ubongo kwenda misulini na kurudisha hisia kutoka kwenye ngozi kwenda ubongoni. Ni ugwe huu unaposagika au kukatika ndipo miguu hunyamaza. Mfupa utaunga katika muda wa miezi michache, ugwe hautaunga. Neno moja, "uti", limebeba vitu viwili vyenye hatima mbili tofauti, na jamaa wengi hungoja mwaka mzima wakitarajia hatima ya kile cha kwanza.

Neno "mshipa" lina mzigo mkubwa zaidi. Mshipa ni njia ya damu, mshipa ni neva, mshipa ni ule ukano unaosimama shingoni mtu anapopaza sauti, na kule pwani "kuwa na mshipa" ni kuugua ngiri. Daktari anayesema kwamba mishipa imekatika amesema mambo manne kwa pamoja. Ni kweli kwamba istilahi "neva" imekuwapo kwa muda mrefu, na "mshipa wa fahamu" hutumika pia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Hata hivyo, istilahi iliyomo katika kamusi ni kama dawa iliyofungiwa ghalani.

Je, kwa nini ugwe usiunge? Swali hili lina historia ndefu na ya kuvutia. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa uchunguzi wake wa muundo wa neva, alieleza miaka michache baadaye kwamba njia za neva katika ubongo na ugwe wa mtu mzima zimekwisha kukamilika, na kwamba kinachokufa humo hakizaliwi tena. Kauli hiyo ilitawala kwa miongo mingi. Lakini neva za mikono na miguu zilikuwa zikiikaidi. Neva ya mkono ikikatwa na kushonwa barabara, nyuzi zake huanza kuota upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, hivi kwamba aliyekatwa kwenye kiwiko anaweza kungoja karibu mwaka mzima kabla ya ncha za vidole kuanza kuhisi. Mwendo huo ni wa kinyonga, lakini ni mwendo. Ndani ya mwili ule ule, nyuzi za ugwe hujaribu kuchipua kidogo, kisha husita na kusinyaa.

Mwaka 1981 watafiti Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal, Kanada, walifanya jaribio sahili lililobadilisha fikra. Walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakifanya daraja kati ya sehemu mbili za mfumo wake mkuu wa neva. Nyuzi zilizodhaniwa kuwa tasa ziliingia katika daraja hilo zikakua kwa umbali wa sentimita kadhaa. Zilipofika mwisho wa daraja na kuingia tena katika ugwe, zikasimama. Hivyo basi, uzi wenyewe haukuwa umekufa moyo. Ni mahali ulipokuwa palipoukataza. Baadaye ilidhihirika kwamba ule utando wa mafuta unaozivika nyuzi za ugwe, uitwao mielini, una protini zinazozuia ukuaji, na kwamba seli zilizo jirani ya jeraha hujenga kovu gumu ambalo nyuzi haziwezi kulipenya. Kovu hilo, kwa hakika, lina faida yake, kwa sababu hulizuia jeraha lisienee. Mwili hujikinga, na kwa kujikinga hujifungia mlango.

Hapa ndipo seli shina zinapoingia. Kila seli ya mwili ina kazi yake: ya ngozi hufunika, ya moyo hudunda, ya neva hupitisha habari. Seli iliyokwisha kuchagua kazi kwa kawaida haibadiliki. Seli shina ni ile ambayo haijachagua. Inaweza kugawanyika na kuzaa nyingine kama yenyewe, na inaweza pia kuzaa seli zitakazokuwa za aina mahususi. Waliothibitisha kuwapo kwake katika uboho wa panya ni James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, mwaka 1961. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin, Marekani, alifaulu kuotesha seli shina zilizotolewa katika viinitete vya binadamu, hatua iliyozua mjadala mkali wa kimaadili na wa kidini ambao ulifika hadi Ikulu ya Marekani. Kisha mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya mzima inaweza kurudishwa nyuma hadi hali ya ushina kwa kuamshwa jeni 4 tu, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli ya binadamu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Mwingereza John Gurdon. Tangu hapo haikuwa lazima tena kukigusa kiinitete.

Istilahi "seli shina" ni teuzi njema, kwa kuwa shina hutoa matawi, majani na matunda bila lenyewe kuwa mojawapo. Ila haijatulia. Husikika pia "seli za shina", "seli msingi", hata "seli mama". Mgonjwa anayesoma majina manne hudhani kuna dawa nne, na muuzaji hachelei kumwachia dhana hiyo.

Matumaini ya watafiti kuhusu neva zilizojeruhiwa si ya aina moja. Baadhi wanataka seli shina zigeuzwe kuwa neva changa zitakazokuwa vituo vya kupokezana habari katikati ya pengo la ugwe, mithili ya watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji moto unapozimwa. Wengine wanataka zigeuzwe kuwa seli za kutengeneza mielini, kwa kuwa nyuzi nyingi huponea chupuchupu katika ajali lakini huvuliwa nguo zao, na uzi uchi haupitishi habari ipasavyo. Kundi la tatu hutumia seli za mafuta au za uboho wa mgonjwa mwenyewe, bila kutarajia zigeuke neva, bali zitoe kemikali za kutuliza uvimbe na kulisha neva zilizobaki. Aghalabu matangazo ya biashara huuza kundi hili la tatu kwa kutumia picha ya kundi la kwanza. Mtu huchotwa mafuta ya tumboni, akaaminishwa kwamba yatamwotea uti.

Yapo yaliyokwisha kufanyika kwa binadamu, na inafaa yasemwe bila kuongezwa chumvi. Kampuni ya Geron ya Marekani ilianza mwaka 2010 jaribio la kwanza la seli zilizotokana na viinitete kwa watu waliojeruhiwa ugwe. Watu 5 walitiwa seli hizo kabla ya kampuni kuusimamisha mradi mnamo Novemba 2011 kwa sababu za kifedha. Waliofuatiliwa kwa miaka 10 hawakuonekana kupata madhara makubwa yatokanayo na seli hizo. Hawakutembea pia. Nchini Japani, mwezi wa Desemba 2018, serikali iliruhusu kwa masharti tiba ya seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe kwa kutegemea uchunguzi wa watu 13 pekee, wasiokuwa na kundi la kulinganishwa nalo, na wanasayansi wengi wa kimataifa wakailalamikia hatua hiyo waziwazi. Mwaka 2024 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 10 waliotiwa seli zilizokuzwa kutokana na mafuta yao: 7 walionyesha nafuu ya kiwango fulani, 3 hawakuonyesha yoyote.

Habari iliyosisimua zaidi ilitoka Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo. Chini ya uongozi wa Hideyuki Okano na Masaya Nakamura, watu 4 waliokuwa wamepoteza kabisa hisia na mwendo chini ya jeraha walitiwa seli milioni 2 kila mmoja, zilizotengenezwa kwa njia ya Yamanaka, wiki chache tu baada ya ajali. Wa kwanza alihudumiwa Desemba 2021. Mwezi wa Machi 2025 chuo hicho kilitangaza kwamba hapakuwa na madhara makubwa, na kwamba 2 kati yao walipata nafuu, mmoja wao akiweza kusimama bila kushikwa na kuanza kujifunza kutembea.

Mtu mmoja amesimama. Hili si jambo dogo, na mwenye kulibeza hana huruma. Lakini kwa wachache waliopooza kabisa siku ya ajali, mwili wenyewe hurudisha kiasi cha nguvu katika miezi ya mwanzo hata bila seli yoyote, na katika kundi la watu 4, lisilo na la kulinganishwa nalo, hakuna awezaye kuapa kwamba kilichomsimamisha ni seli. Watafiti hao hawakuapa. Isitoshe, seli ziliwekwa siku za mwanzo, kabla ya kovu kukomaa. Aliyepooza miaka 6 iliyopita, na ndiye mnunuzi mkubwa wa matangazo, yuko katika hali tofauti kabisa. Kwake bado kovu ni ukuta.

Kuna neno jingine linalopotosha hapa, nalo ni "jaribio". Jaribio la awamu ya kwanza halikusudii kuuliza kama tiba inaponya. Huuliza kama inadhuru. Watu wachache hutiwa seli, wakaangaliwa kwa miaka, na jibu zuri kabisa linaloweza kupatikana ni kwamba hawakudhurika. Magazeti hunyanyua jibu hilo yakaandika kwamba "tiba imefaulu". Msomaji wa Kiswahili hana lawama akielewa kwamba watu wamepona, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Wanahabari wa lugha hii wana deni hapa.

Madhara yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2009 madaktari wa Israeli walieleza katika jarida la PLoS Medicine habari za mvulana aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa neva, ambaye alipelekwa Moscow akatiwa seli shina za neva zilizotoka katika vijusi. Miaka 4 baada ya matibabu ya kwanza aligunduliwa kuwa na uvimbe katika ubongo na uti wake, na vipimo vya jeni vilithibitisha kwamba uvimbe huo haukutokana na mwili wake bali na seli alizopewa. Mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke aliyepooza ambaye miaka 8 awali alikuwa amepandikizwa nchini Ureno tishu za utando wa pua kwenye jeraha la ugwe. Maumivu ya mgongo yalipomzidi alifanyiwa upasuaji, na madaktari wakakuta donge la tishu za pua, lenye kutoa kamasi, limestawi ndani ya uti wake. Seli zilifanya kile zilichojua kufanya. Hazikuwa na habari kwamba zimehamishwa. Na mwaka 2016 iliandikwa habari ya Mmarekani aliyepata kiharusi akazunguka China, Argentina na Mexico akidungwa seli za aina mbalimbali, hatimaye akaota uvimbe ndani ya uti ambao ulimpooza sehemu ambazo kiharusi kilikuwa kimeziacha.

Yaonekana ajabu kwamba seli inayotarajiwa kuponya ndiyo ioteshe uvimbe, lakini ni tabia ile ile moja. Seli ambayo haijachagua kazi na ambayo ina uwezo wa kugawanyika bila kikomo ni jirani wa karibu wa saratani. Maabara makini hutumia miezi mingi kuhakikisha kwamba hakuna hata seli chache zilizobaki katika hali ya ushina kabla ya kumtia mgonjwa. Zahanati inayochota mafuta asubuhi na kuyarudisha jioni haina muda huo.

Wakenya wengi waliokata tamaa huelekea India, nchi ambayo imewaponya wengi maradhi ya moyo na ya figo na hivyo imeaminika. Imani hiyo ina msingi. Ila miongozo ya kitaifa ya India ya mwaka 2017 inasema bayana kwamba nje ya tiba chache zilizokubalika, hasa za maradhi ya damu, seli shina hazifai kutolewa isipokuwa ndani ya utafiti ulioidhinishwa. Kwa mujibu wa kanuni za utafiti, anayeshiriki jaribio hauziwi nafasi yake. Kwa hiyo zahanati yoyote, popote ilipo, inayodai makumi ya maelfu ya dola kwa ajili ya "jaribio" la kurudisha neva imejieleza yenyewe. Sentensi hii moja, ikiandikwa kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika kuta za wadi, ingeokoa mashamba mengi.

Husemwa kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ilikusudiwa ukarimu, nayo inafaa kwa uji. Haifai kwa sindano ya uti. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yanayowezekana, faida na hatari zake, na inataja kwamba maelezo hayo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kukifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo fomu ya ridhaa inayowekwa mbele ya mgonjwa mara nyingi huwa kwa Kiingereza cha kisheria, na muuguzi huambiwa aifasiri papo kwa papo. Muuguzi huyo, ambaye hakuwahi kufundishwa taaluma yake kwa Kiswahili hata siku moja, atasema nini afikapo kwenye seli shina? Atasema "dawa ya kuotesha mishipa". Mgonjwa atatia sahihi. Kisheria ameridhia, kiuhalisia ameridhia jambo ambalo halipo.

Kuna watakaopinga kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno, na kwamba hata mwenye Kiingereza chake hayaelewi. Pingamizi hili lina uzito kidogo. Mwanafunzi wa sheria mwenye Kiingereza fasaha anaweza kulaghaiwa vilevile, na ndivyo ilivyokuwa kwa Mmarekani aliyetajwa. Lakini mwenye Kiingereza ana njia ya kujitoa: anaweza kuketi usiku akasoma ripoti ya Keio na ile ya donge la tishu za pua. Asiyekijua amebaki na tangazo, kwa sababu tangazo pekee ndilo lililofasiriwa. Wauzaji wamekwisha kuwa na Kiswahili chao. Wanasayansi bado.

Aidha, kuna jambo ambalo mazungumzo ya seli shina hulifunika, nalo ni lile linalomuua hasa aliyejeruhiwa ugwe. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, askari aliyevunjika uti kwa kawaida hakuishi muda mrefu. Hakufa kwa sababu ya neva. Alikufa kwa vidonda vya kulalia vilivyooza na kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani, alipewa wadi ya waliopooza katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na seli shina. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, akausimamia mwenyewe usafi wa mipira ya mkojo, na kuwalazimisha wagonjwa kufanya mazoezi na kazi. Wakaishi. Mwaka 1948 aliwashindanisha 16 kati yao katika upigaji mishale, na kutokana na mashindano hayo ndipo ilipochipuka michezo ya Olimpiki ya walemavu ambayo Wakenya wamejinyakulia medali nyingi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na majeraha ya ugwe. Katika nchi za kipato cha chini, kidonda kingali kinaua kama kilivyoua kabla ya Guttmann. Godoro linalofaa, mpira safi wa mkojo, kiti kinachomtosha mwenyewe na jamaa aliyefundishwa namna ya kumgeuza mgonjwa ni vitu ambavyo bei yake yote haifikii hata sehemu ndogo ya nauli na ada ya zahanati ya ng'ambo. Harambee ya godoro, bahati mbaya, haivutii wachangaji. Haina picha ya mtu anayeinuka. Na pia, siku ile ambapo tiba ya kweli ya seli itapatikana, itamhitaji mtu ambaye misuli yake haijakauka, viungo vyake havijakakamaa, na ambaye yu hai. Utunzaji wa leo ni sehemu ya tiba hiyo ya kesho, na kumuuzia mtu shamba lake ili adungwe mafuta yake mwenyewe ni kumpunguzia nafasi ya kuifikia.

Kwa hiyo wanaosomea Kiswahili katika vyuo vya nchi hii wana kazi mahususi kuliko ile ya kuandaa kongamano jingine kuhusu maendeleo ya lugha. Katika vyuo kadhaa idara ya Kiswahili na shule ya udaktari zimo katika chuo kimoja, chini ya makamu wa chansela mmoja, na huenda wanafunzi wao hula katika bwalo moja. Ukurasa mmoja unaoeleza ugwe ni nini, kwa nini hauungi kama mfupa, seli shina ni nini, na awamu ya kwanza ya jaribio huuliza nini, unaweza kuandikwa kwa muhula mmoja na wanafunzi wawili, mmoja wa kila upande, kisha ukajaribiwa kwa wagonjwa wenyewe kuona kama wameuelewa. Zitatokea hitilafu. Wa pwani watalikataa neno, wa bara watalikubali, na wahariri watabishana kuhusu "neva" na "mshipa wa fahamu" hadi usiku wa manane. Ubishi huo una maana zaidi ukifanyika kando ya kitanda.

Na ukurasa huo ungemalizikia kwa maswali ambayo jamaa wa mgonjwa wanastahili kuyauliza kabla ya mnada wa shamba. Seli hizo zimetoka wapi, na zimegeuzwa kuwa nini? Ni watu wangapi waliokwisha kutiwa, walikuwa wamepooza kwa muda gani, na walilinganishwa na akina nani? Nani aliyeuidhinisha utafiti huu, na mbona unalipiwa? Uvimbe ukitokea miaka 8 kutoka sasa, nani atakayempasua mgonjwa, na kwa fedha za nani? Yote haya yanaweza kuulizwa na mama wa kijijini, kwa sauti ya kawaida, na katika maswali yote hayo istilahi ngeni ni moja tu, nayo ni "seli".